Hii prosesi ni mtoto wa nani?

Juzi kati hapa dada mmoja mwenye steshenari huku Ngamiani, Tanga, kaniletea laptopu yake, ukiwasha inawaka vizuri tu lakini mwenyewe hofu imemjaa, ananiambia fundi nimeiua kompyuta. Nikamuuliza umeifanyaje, kumbe mashine ilikuwa nzito siku mbili tatu, akasikia kwa watu kwamba afungue Task Manager, lile dirisha la Windows linaloorodhesha vinavyokimbia kwenye mashine, atafute virusi, akafungua, akakuta kitu kinaitwa svchost.exe kimejaa toka juu mpaka chini, akahesabu zaidi ya 60, akajisemea virusi 60 nimevitoa wapi mimi. Akaanza kuziua moja moja kwa End task. Ya kwanza ikafa ikarudi, ya pili ikafa ikarudi, moja ikamletea onyo kwamba ukiizima hii Windows inaweza kuzimika, akatiki akakubali, skrini ikawa ya bluu imeandikwa CRITICAL PROCESS DIED, na kazi ya mteja ya kurasa 40 alikuwa bado hajaisevu.

Kilichoniuma mimi sio skrini ya bluu, ile ukiwasha upya mambo yanarudi. Kilichoniuma ni kwamba kirusi kweli alikuwa nacho, na kilikuwemo humohumo kwenye ile orodha, mstari mmoja tu umetulia umeandikwa wscript.exe, na yeye kaupita mara kumi akienda kuua zile zinazomfanyia kazi. Ndio maana nimekaa kuandika hii, kwa sababu kila wiki naona mtu anaua ndugu anamwacha mwizi, au anaipeleka mashine kwa fundi anayekimbilia kupiga Windows upya na picha za harusi zinaenda na maji.

Tuanze na prosesi ni nini. Programu ikiwa imelala kwenye diski ni faili tu, ni kama wimbo wa taarabu ulioandikwa kwenye daftari, haupigi kelele na haumsumbui mtu. Siku ukipigwa sasa, kuna watu wamekaa, kuna vyombo, kuna umeme unaliwa, huo upigaji wenyewe ndio prosesi. Na wimbo mmoja unaweza kupigwa kwenye harusi tatu usiku mmoja, Makorora, Chuda na Mabawa, hakuna atakayesema nyimbo ni tatu. Kwa hiyo ukiona chrome.exe ziko 15 usishtuke, Chrome toka ilipotoka 2008 imetengenezwa hivyo, tabo na vijiprogramu vyake vinagawanywa kwenye prosesi mbalimbali ili tabo moja ikikwama isiangushe zote. Ukitaka kujua tabo gani inakula ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc, ina Task Manager yake yenyewe.

Na kwenye taarabu unayemwona ni mwimbaji, lakini nyuma kuna wa fidla, wa kinanda, wa ngoma, na yule aliyefunga spika toka alasiri. Windows ni hivyohivyo. Hujafungua kitu hata kimoja na tayari kuna prosesi zaidi ya 100 zinakimbia, na karibu zote zina kazi ya maana.

Sasa hiyo svchost iliyomponza dada yetu. Ndani ya Windows kuna huduma nyingi ndogondogo, ya kutafuta apdeti, ya sauti, ya mtandao, ya saa, ya firewall, na nyingi haziwezi kusimama peke yake kama programu kamili, zinahitaji mwenyeji wa kuzibeba. Huyo mwenyeji ndio svchost. Zamani mwenyeji mmoja alikuwa anabeba huduma nyingi kwa pamoja, ikianguka moja inaangusha wenzake. Mwaka 2017 Microsoft kwenye apdeti ya Windows 10 iliyoitwa Creators Update wakaamua kwamba kompyuta yenye ramu zaidi ya GB 3.5, huduma nyingi zipewe kila moja mwenyeji wake. Ndio maana kwenye mashine ya leo ukihesabu svchost 60 au 80 ni kawaida kabisa, na kwenye Task Manager ukiufungua ule mstari wa Service Host utaona huduma iliyomo ndani. Wingi wake sio ugonjwa.

Kingine kinachotisha watu ni System Idle Process. Mtu anakuta kimekamata asilimia 97 ya prosesa anapiga kelele. Hicho kinahesabu muda ambao prosesa imekaa haina kazi, kwa hiyo 97 maana yake mashine imepumzika, ukiiona imeshuka mpaka 3 ndio ujiulize nani anaichosha. Na nyie wenzangu wa steshenari mnakutana sana na spoolsv.exe, huyo ndio anapanga foleni ya kuprinti, akikwama printa inagoma zote, lakini sio kirusi, unasimamisha tu huduma ya Print Spooler, unafuta kilichokwama kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS halafu unaiwasha tena.

Haya, twende kwenye kiini. Kosa kubwa ninaloliona ni watu kuhukumu prosesi kwa jina. Jina halithibitishi kitu. Anayetengeneza kirusi ana uhuru wa kukiita anavyotaka, na anajua kabisa kwamba unaiamini svchost, kwa hiyo ataita scvhost, au svchosts, au ataandika lsass, ile prosesi ya Windows inayosimamia usalama wa kuingia, kwa kuanza na I kubwa badala ya l ndogo, na kwenye skrini huoni tofauti. Au ataita svchost.exe hivyohivyo bila kubadilisha herufi, kwa sababu Windows inakataza majina mawili yanayofanana ndani ya folda moja tu, sio kompyuta nzima.

Na upande wa pili jina geni sio hatia. Mwaka 2002 ilisambaa barua pepe dunia nzima ikisema tafuta faili linaitwa jdbgmgr.exe, lina picha ya dubu mdogo, ni kirusi, lifute haraka na uwatumie wenzako ujumbe huu. Watu wakafuta kwa mikono yao. Lilikuwa faili halali la Windows, la mambo ya Java, kirusi hakikuwepo popote. Ukiangalia tunavyofowadiana kwenye WhatsApp leo unaona kabisa hiyo habari inaweza kutokea kesho asubuhi hapa mjini. Na sio sisi watu wa kawaida tu, tarehe 21 Aprili 2010 antivairasi ya McAfee ilitoa apdeti mbovu ikaiona svchost.exe ya Windows XP kama kirusi ikaiondoa, kompyuta nyingi sana maofisini zikawa zinajizima na kujiwasha zenyewe na mtandao hakuna. Kama kampuni ya antivairasi imekosea, wewe na mimi tuna haki gani ya kuua kitu kwa kukitazama jina?

Sisi watu wa pwani tuna njia yetu ya kumpokea mtu tusiyemjua. Akipiga hodi akasema mimi naitwa Juma, jina peke yake halimfikishi popote, maana kina Juma wamejaa. Tunamuuliza unakaa wapi, mtoto wa nani, umekuja kwa nani, nani anakufahamu hapa. Hayo maswali ndiyo ya kuiuliza prosesi, na kompyuta inajibu yote.

Inakaa wapi. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, bofya prosesi kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Open file location. Svchost ya kweli inakaa C:\Windows\System32, au SysWOW64 ikiwa ya biti 32. Lsass, services, winlogon na csrss, prosesi nyingine za Windows yenyewe, zote ni wakazi wa System32. Explorer.exe, anayekuonyesha mafolda, yeye anakaa C:\Windows moja kwa moja, ukimkuta ndani ya System32 hapo kuna jambo. Ukikuta svchost inakaa kwenye folda ya Temp, au Users\Public, au AppData, huyo sio yule, hata kama jina limelingana herufi kwa herufi. Ila hapa kuna mtego, kukaa AppData peke yake sio kosa, kuna programu halali kibao zinajisakinisha humo ili zisiombe ruhusa ya admini. Na MsMpEng.exe, ambayo ndio Defender yenyewe, antivairasi ya Windows inayokulinda, makazi yake ni ProgramData, sehemu ambayo fundi mwenye haraka anaweza kuiona ya ajabu. Kwa hiyo anuani inakupa shaka au inakuondolea shaka, ila peke yake haimalizi kesi.

Mtoto wa nani. Hili ndilo nalipenda kuliko yote, maana kirusi kinaweza kudanganya jina lakini ukoo unakisumbua. Kila prosesi inaanzishwa na prosesi nyingine, ana mzazi. Baba wa svchost ni services.exe. Baba wa lsass ni wininit.exe, na lsass inatakiwa iwe moja tu, sio mbili. Sasa ukikuta svchost ambayo baba yake ni winword.exe, yaani mtu kafungua dokumenti ya Word halafu Word ikazaa svchost, hapo huhitaji swali lingine. Task Manager ya kawaida haikuonyeshi ukoo vizuri, pakua Process Explorer, ni ya bure, inatoka Sysinternals, kikundi kilichoanzishwa 1996 na Mark Russinovich na Bryce Cogswell halafu Microsoft wakakinunua 2006, kwa hiyo leo unaipata kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Ipakue hukohuko, usiichukue kwenye flashi ya mtu. Ukiifungua utaona orodha imepangwa kama mti, watoto chini ya wazazi. Wachache utawaona hawana mzazi, kama explorer, csrss, wininit na winlogon, usihangaike nao, aliyewaanzisha huwa akimaliza kazi yake anaondoka, ni yatima wa halali.

Halafu nani anamfahamu. Kampuni ya maana ikitoa programu inaitia sahihi ya kidijitali, ni kama ile barua ya utambulisho unayochukua kwa mwenyekiti wa mtaa ina muhuri, ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili muhuri unakataa. Kwenye Process Explorer nenda Options uwashe Verify Image Signatures, kila prosesi itaandikwa sahihi ni ya nani na imethibitishwa au la. Ushauri wangu angalia humo, sio kwenye Properties za faili, kwa sababu mafaili mengi ya Windows sahihi zake zimewekwa kwenye katalogi ya pembeni, ukifungua Properties huoni kitu unadhani halina muhuri kumbe linao.

Na muhuri nao unaibiwa. Stuxnet, kile kirusi kilichogunduliwa 2010 kilicholenga mitambo ya nyuklia ya Iran, baadhi ya vipande vyake vilikuwa na sahihi halali kabisa za kampuni za Realtek na JMicron, funguo ziliibiwa. Najua mtu wa Tanga mwenye duka la fotokopi hatashambuliwa na kitu cha aina ile, nakisema ili mtu asije akaona neno Verified akafunga macho.

Sasa nirudi kwa dada yetu, maana kirusi chake ndicho kinachowasumbua wengi humu mjini na kinapita maswali yote hayo. Wscript.exe ukiiuliza unakaa wapi itajibu System32, kweli. Sahihi ya nani, Microsoft, kweli. Haidanganyi. Ni chombo halali cha Windows cha kuendesha skripti, yaani mafaili ya amri, kama panga ambalo ni halali mpaka uone limeshikwa na nani. Kwa hiyo swali linabadilika, unauliza umetumwa nini. Kwenye Task Manager nenda Details, bofya kulia juu ya vichwa vya safu, chagua Select columns, tiki Command line. Hapo ndio utaona amri kamili. Ya kwake ilikuwa inaendesha faili la .vbs lenye jina la herufi zisizosomeka, limefichwa ndani ya AppData. Wapo ndugu zake wanne watano wa kuwaangalia kwa namna hiyohiyo, powershell.exe, mshta.exe, rundll32.exe, regsvr32.exe. Powershell yenye neno -enc likifuatiwa na msururu mrefu wa herufi zisizoeleweka, na wewe hujawasha kitu, hiyo ni ya kuifuatilia siku hiyohiyo.

Ilivyoingia ni kwa flashi. Zamani flashi ikichomekwa Windows ilikuwa inaweza kuendesha yenyewe kilichomo, kirusi cha Conficker mwishoni mwa 2008 ilipita sana mlango huo, Windows 7 ikaufunga kwa flashi na Februari 2011 Microsoft wakaufunga na kwa Windows za zamani kupitia apdeti. Watengeneza virusi wakahamia kwenye kukufanya wewe mwenyewe ubofye. Kirusi kinayaficha mafolda yako yote kwenye flashi, kinaweka shotikati zenye majina yaleyale na picha ya folda, wewe unabofya MITIHANI, kirusi kinaamka, halafu kinakufungulia folda la kweli ili usigundue kitu. Kinajikopi kwenye AppData, kinajiandika kwenye orodha ya vitu vya kuwaka na Windows, kinakaa kinasubiri flashi inayofuata. Steshenari inapokea flashi ngapi kwa siku? Mwanafunzi anatoka Pongwe na kazi yake, anaprinti, anaondoka na kirusi anakipeleka shule, mwalimu anakipeleka kompyuta ya ofisi. Hakuna mtu mbaya hapo katikati, wote wanatafuta riziki na elimu.

Kukitoa kunahitaji mpangilio, ukianza na flashi kirusi kilichoko kwenye mashine kitaichafua tena palepale. Anza kwa kuandika mahali lilipo lile faili la .vbs, kisha zima hiyo wscript, kisha futa faili, kisha tafuta kinachokiwasha. Hapo Autoruns ya Sysinternals inasaidia kuliko chochote, inaonyesha kila kitu kinachojiwasha, kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows), kwenye Startup, kwenye Task Scheduler, na ukiiambia ifiche vya Microsoft orodha inapungua inabaki ya kusomeka, ila wscript nayo ni ya Microsoft kwa hiyo mstari wake usiufiche kwa haraka, soma amri yake kwanza. Ndipo unageukia flashi, unafungua Command Prompt, dirisha la kuandika amri, kama flashi ni E unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na mafolda yanarudi. Zile shotikati futa. Mafaili ya mteja yalikuwepo muda wote, ndio maana nachukia mtu akiambiwa lazima flashi ifomatiwe.

Kuna wengine tabia zao ndio zinawasaliti. Zile za kuchimba sarafu za kidijitali zinakula prosesa mpaka feni inalia kama mashine ya kusaga, halafu ukifungua Task Manager zinajizima, ukiifunga zinarudi. Kama feni inatulia kila unapokwenda kuangalia, fungua Process Explorer badala yake, iache wazi uendelee na kazi. Na mlango mkubwa wa hizi, niseme wazi japo nitawaudhi wengi, ni kreki, yaani programu zilizovunjwa leseni, na vile vijiprogramu vya kuaktivetisha Windows na Office. Cha kwanza vinachokuomba ni uzime antivairasi, ukishaizima umempa mgeni funguo ukaenda kulala. Nafahamu leseni ni ghali kwa kipato chetu, lakini kwa kazi za kuandika na kuprinti LibreOffice ni ya bure na ya halali. Na kama bado uko Windows 10, Microsoft walimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, matundu mapya yanabaki wazi, kirusi cha Sasser cha mwaka 2004 kiliingia bila mtu kubofya chochote kupitia tundu la lsass, sio lazima ukosee wewe.

Ukishashuku kitu na huna uhakika, usianze na End task. Toa intaneti, chomoa kebo au zima waifai. Andika jina, anuani, mzazi na amri. Kisha faili lenyewe lipeleke kwenye tovuti ya VirusTotal kwa kutumia simu au mashine nyingine, antivairasi zaidi ya 60 zitalikagua kwa mara moja. Antivairasi 2 za majina usiyoyajua zikisema ni kibaya na zote zingine zikakaa kimya, inawezekana ni kosa lao, 40 zikisema ni kibaya hapo hakuna mjadala. Ila usipandishe humo nyaraka za wateja, wapo wanaolipia na wanaweza kuziona. Halafu endesha Microsoft Defender Offline, inawasha upya kompyuta na kuikagua kabla Windows haijaamka, kama dakika 15 hivi, na hiyo ndiyo dawa ya virusi vinavyojificha ndani ya prosesi halali, maana vipo vinavyoanzisha svchost ya kweli kisha vinaimwaga ya ndani na kukaa vyenyewe, hapo ukoo na amri ndio zinazowafichua. Ukimaliza badilisha pasiwedi za benki na barua pepe ukiwa kwenye kifaa kingine. Ikishindikana yote hayo ndio upige Windows upya, na mafaili uwe umeshayatoa.

Yule dada mashine yake ilichukua kama saa moja na nusu, muda mwingi ni kwenye zile flashi zake saba. Tukamwekea Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa na vikia vya majina, yaani herufi za mwisho baada ya nukta, ili kitu kama .vbs kionekane kabla hajabofya. Alhamisi iliyopita kanitumia skrinshoti, mashine ilikuwa nzito tena, kaandika chini: TiWorker.exe, inakaa WinSxS, mzazi svchost, sahihi ya Microsoft imethibitishwa, inakula prosesa asilimia 30, sijaigusa. Nikamjibu ni apdeti inajisakinisha, iache imalize, we endelea kukata karatasi.